Mwongozo Kamili: Jinsi ya Kukadiria Mapafu Yatapanda Kiasi Gani Baada ya Kushona Diaframu Iliyopooza

Kuna kazi moja inatushinda wengi kwenye vyumba vya vipimo huku Dodoma, na si Dodoma peke yake. Mgonjwa ana diaframu (msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu) ya upande mmoja imepooza, bingwa wa kifua kasema inashoneka, familia imekaa kwenye benchi inataka kujua kitu kimoja tu: akishashonwa atapumua vizuri kiasi gani. Jibu wanalopewa linatoka kwenye karatasi moja ya spairometri (kipimo cha kupuliza kwenye mashine kujua mapafu yanatoa hewa kiasi gani), mgonjwa kapimwa amekaa, siku moja, basi. Miezi sita baadaye namba haziendani na walichoambiwa, lawama zinaenda kwa aliyeshika kisu, wakati makadirio yenyewe hayakuwa na msingi tangu mwanzo.

Nimeandika kwa ajili ya matabibu, madaktari walioko kwenye mafunzo ya vitendo (intern), manesi na wafiziotherapia wanaoandaa faili la rufaa, na ndugu wa mgonjwa anayetaka kuelewa anachoambiwa. Uamuzi wa kushona au kutoshona unabaki kwa bingwa. Kazi yetu ni kumpelekea namba zinazoaminika.

## Oparesheni yenyewe inarudisha nini

Diaframu ndo msuli mkuu wa kuvuta pumzi, na inaendeshwa na neva ya freniki inayotoka kwenye mizizi ya shingoni, C3, C4 na C5. Neva ikifa upande mmoja, upande huo wa diaframu unalegea kama turubai lisilofungwa kamba. Upande wenye afya ukivuta kwenda chini, ule uliolegea unafyonzwa kwenda juu, pafu la upande huo linakosa nafasi na hata moyo na vilivyo katikati ya kifua vinasukumwa kuelekea upande wenye afya.

Daktari anachofanya ni kuikunja ile sehemu iliyolegea na kuishona ikazwe, ibaki chini na isipande tena. Haifufui neva wala msuli. Hili ukilishika umeshika nusu ya mwongozo huu, kwa sababu maana yake ni kwamba faida ya oparesheni ni zile lita ambazo ulegevu ulikuwa unaiba. Pima kinachoibwa, ndo utaweza kusema kitakachorudi.

## Vitu vya kuandaa kabla hujaanza

- Spairomita iliyohakikiwa siku hiyo hiyo kwa sirinji ya lita 3 (isipishane zaidi ya asilimia 3)
- Kibanio cha pua na vipande vya mdomoni vyenye filta, vya kutosha
- Kitanda kinacholala bapa kabisa, kile cha kichwa kuinuka kidogo hakifai
- Oksimita ya kidoleni (ya kupima oksijeni kwenye damu)
- Mizani na kipimo cha urefu, mgonjwa avue viatu
- Eksirei ya kifua iliyopigwa mgonjwa akiwa kavuta pumzi ya kutosha, na ya zamani kama ipo
- Altrasaundi yenye proubu ya lainia, na mtu anayejua kuangalia diaframu
- Majibu ya makohozi ya TB
- Korido iliyonyooka ya mita 30 kwa kipimo cha kutembea dakika 6
- Daftari au fomu moja itakayobaki na mgonjwa mpaka mwaka mmoja baada ya oparesheni

Hicho cha mwisho watu wanakidharau. Mgonjwa anatoka Kondoa au Mpwapwa, anapimwa mjini, anapanda treni ya SGR kwenda kushonwa Dar, anarudi, na karatasi za mwanzo hazionekani tena. Bila namba za kabla, namba za baada hazina kazi. Mpigie picha kila karatasi, mtumie yeye na mtoto wake kwenye simu.

## Hatua ya 1: Hakikisha kweli imepooza, na ujue kwa nini

Eksirei ikionyesha upande mmoja uko juu hujamaliza. Upande wa kulia kwa kawaida unakaa juu kidogo kuliko kushoto, na mgonjwa asipovuta pumzi vizuri wakati wa picha pande zote zitaonekana ziko juu. Pia ini lililovimba au pafu lililosinyaa linaweza kuinua diaframu ambayo haina shida yoyote.

Altrasaundi ndo rafiki yetu hapa, haina mionzi na inabebeka mpaka kitandani. Weka proubu ubavuni kati ya mbavu ya 8 na ya 9 hivi, pale diaframu inapogusana na ukuta wa kifua, pima unene mwisho wa kutoa pumzi, halafu mwisho wa kuvuta pumzi kubwa. Toa wa kwanza kwenye wa pili, gawa kwa wa kwanza, zidisha kwa 100. Mfano unene ulikuwa sentimita 0.14, akavuta ukawa 0.15, hiyo ni asilimia 7. Chini ya asilimia 20 inaashiria kupooza. Pima pande zote mbili, usiridhike na ule unaoshukiwa tu.

Upande wa kushoto gesi ya tumbo inasumbua sana, kwa hiyo mwambie asinywe soda wala asishibe kabla ya kuja.

Kama kuna floroskopi (eksirei inayoonyesha picha inayotembea), mgonjwa anaambiwa anuse kwa ghafla huku mnaangalia, upande uliopooza unaruka juu wakati mwenzake unashuka. Ila wapo watu wazima wa afya ambao upande mmoja unafanya hivyo kidogo, usikitumie peke yake.

Sasa sababu. Neva ya freniki inaweza kuumia kwenye oparesheni ya moyo, ajali ya shingo na bega (na kwa bodaboda zetu hizi hilo usilisahau), sindano ya ganzi ya shingoni, virusi, mkanda wa jeshi, matatizo ya uti wa mgongo wa shingo, au uvimbe kifuani. Wengine sababu haionekani kabisa.

Onyo: diaframu iliyopooza bila sababu inayojulikana lazima ipigwe siti skani ya shingo mpaka kifua. Saratani ya pafu au matezi yaliyovimba yanaweza kuwa yameikalia hiyo neva, na hapo habari ya kukadiria lita inasubiri kwanza.

Umefanikiwa kama: unaweza kuandika sentensi moja isemayo upande gani, umepooza kwa kipimo gani, sababu ni nini au imetafutwa wapi ikakosekana.

## Hatua ya 2: Ipe neva muda wake

Neva iliyopigwa baridi au kuvutwa kwenye oparesheni ya moyo mara nyingi inaamka yenyewe. Ndo maana mabingwa wengi wanasubiri miezi 6 hadi 12 kabla ya kushona mtu mzima, na ile inayotokana na uvimbe wa neva baada ya virusi inaweza kuchukua hata zaidi ya mwaka.

Kwa sisi wa makadirio sababu ya kusubiri ni nyingine pia: kama neva inaamka basi namba zako za mwanzo zinatembea, na utakuja kuipa oparesheni sifa ambayo ni ya neva. Rudia altrasaundi na spairometri kila miezi mitatu hivi. Vipimo viwili vilivyopishana miezi kadhaa vikitoa jibu lile lile, hapo una msingi uliotulia.

Wasiosubirishwa ni mtoto mchanga au mdogo aliyeshindwa kutoka kwenye mashine ya kupumulia, na mtu ambaye inajulikana kabisa neva yake imekatwa. Hao ni wa bingwa moja kwa moja.

## Hatua ya 3: Spairometri ya kukaa, ifanywe kwa haki

Kabla ya siku ya kipimo mwambie asivute sigara ndani ya saa 1, asinywe pombe ndani ya masaa 8, asifanye mazoezi mazito ndani ya saa 1, asijifunge mkanda au kanga ya kubana tumbo. Makohozi ya TB yawe yameshajibiwa, hatupuliziani kwenye chumba kimoja kwa kubahatisha. Mwenye shambulio la moyo la wiki hii, hewa iliyovuja kifuani, au anayekohoa damu, asipulize.

Mkalishe wima, miguu chini, pua ibanwe. Lugha unayomsemesha inabadilisha majibu. Mzee wa Kigogo kutoka Chamwino ukianza na "mbukwa" na shikamoo, ukamwonyesha kwa kupuliza wewe mwenyewe kwanza, atatoa pumzi ambayo usingeipata kwa kumsomea maelekezo. "Babu, vuta mpaka mwisho, jaza jaza jaza, haya PULIZA, endelea endelea, bado ipo, bado, toa yote." Sauti isishuke mpaka mstari kwenye skrini ulale. Wagonjwa wengi wanaacha katikati kwa sababu aliyekuwa anawahimiza amenyamaza, halafu tunaandika mapafu madogo wakati ni uhimizaji mdogo.

Unahitaji mipulizo mitatu inayokubalika, na FVC (hewa yote anayoitoa kwa nguvu mpaka mwisho) mbili kubwa zisipishane zaidi ya mililita 150, FEV1 (ile inayotoka sekunde ya kwanza) nazo hivyo hivyo. Kwa mtu mzima ukifika mipulizo 8 hujapata, mwache apumzike au aje siku nyingine.

Angalia uwiano wa FEV1 kwa FVC. Diaframu iliyopooza peke yake inashusha zote mbili kwa pamoja, kwa hiyo uwiano unabaki wa kawaida. Ukikuta uko chini ya 0.70 jua kuna njia za hewa zilizobana pia, pumu au COPD (ugonjwa sugu wa mapafu unaobana njia za hewa), na kushona diaframu hakutagusa sehemu hiyo.

Onyo kubwa la mashine: spairomita nyingi zinakuuliza asili ya mgonjwa (Mwafrika, Mzungu na kadhalika) ili zipige hesabu ya asilimia ya matarajio, yaani kapuliza kiasi gani ukilinganisha na mtu wa afya anayefanana naye. Ukichagua kundi moja kabla ya oparesheni na mwenzako akachagua jingine baada ya oparesheni, asilimia inapanda au inashuka bila pafu kubadilika hata kidogo, na tofauti inaweza kufika karibu asilimia 15, yaani sawa kabisa na faida ya oparesheni nzima. Urefu ukiandikwa vibaya ni hivyo hivyo. Andika kwenye fomu umechagua nini, na kila mara linganisha lita kwanza ndo uje kwenye asilimia.

Jambo la joto pia: asubuhi ya Julai hapa Dodoma chumba kina baridi kweli, mchana wa Novemba kinawaka. Kama mashine yako haipimi joto yenyewe, ingiza joto la chumba kila siku.

## Hatua ya 4: Mlaze chali, hapa ndo penye jibu

Hatua hii ndo inarukwa karibu kila faili ninaloliona, na ndo yenye thamani kuliko zote.

Mtu akiwa amekaa, uzito wa tumbo unavuta viungo kwenda chini na unaificha shida. Akilala chali, tumbo linasukuma kuelekea kifuani, diaframu yenye afya inazuia, iliyolegea haizuii. Kwa hiyo tofauti ya kukaa na kulala inakuonyesha ulegevu unaiba kiasi gani.

Fanya hivi. Akimaliza kupuliza amekaa apumzike mpaka pumzi itulie. Mlaze bapa, mto mmoja mwembamba au bila mto, oksimita kidoleni, mwache dakika chache azoee. Bana pua, mwekee kipande cha mdomoni wewe mwenyewe kwa sababu akijiinua kukifuata umeharibu, kisha apulize kwa masharti yale yale ya mipulizo mitatu. Simama upande wa kichwa chake, mshike bega, wengi wanaogopa kulala bapa kwa sababu usiku nyumbani wanalalia mito mitatu au wanakaa kitini.

Hesabu: FVC ya kukaa toa ya kulala, gawa kwa ya kukaa, zidisha kwa 100.

- Mtu mzima wa afya anashuka chini ya asilimia 10
- Kupooza upande mmoja, mara nyingi anashuka kati ya asilimia 10 na 30
- Akishuka asilimia 30 au zaidi, fikiria pande zote mbili zina shida na urudi kwenye altrasaundi

Onyo: mgonjwa akianza kuhangaika, kuzungusha macho, au oksijeni ikishuka haraka, muinue palepale. Andika "ameshindwa kulala bapa". Hilo nalo ni jibu, tena kubwa.

Ukikuta anashuka asilimia 5 tu huku analalamika anakosa pumzi sana, simama ujiulize kama pumzi inakatwa na diaframu kweli au na kitu kingine. Wapo watu kibao wenye diaframu moja iliyopooza ambao hawasikii chochote, imeonekana tu kwenye eksirei ya kazi. Kumshona mtu wa namna hiyo hakumpi kitu, na sababu yake halisi ya kukosa pumzi inabaki haijatibiwa.

## Hatua ya 5: Tafuta vinavyokula faida

Hapa unatafuta mambo ambayo oparesheni haitayaondoa. Kila utakachokipata kinavuta makadirio yako kwenda chini.

Uzito ndo wa kwanza. Tumbo kubwa linaendelea kusukuma hata baada ya kushona, na mabingwa wengi wanaona BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) ya zaidi ya 35 ni sababu ya kusubiri mtu apungue kwanza. Na kusema kweli kuna watu wakipungua kilo za kutosha dalili zinapoa na oparesheni inaahirishwa yenyewe.

Halafu mapafu yenyewe. Huku kwetu kanda ya kati uliza maswali ya kwetu. Amewahi kuugua TB na ikaacha makovu? Amefanya kazi ya kuchimba au kusaga mawe ya dhahabu kule Singida, vumbi la miaka mingi linaloleta silikosisi? Mama amepika kwa kuni kwenye jiko lisilo na dirisha tangu akiwa binti? Eksirei isomwe pafu kwa pafu, usiishie kwenye mstari wa diaframu.

Misuli mingine. Mwambie anyanyue mikono, asimame kutoka kwenye kiti bila kushika, ameze maji, angalia kope kama zinalegea jioni. Kama kuna kipimo cha nguvu ya kuvuta pumzi mdomoni kifanyike, kikitoka chini sana hakiendani na upande mmoja tu. Ugonjwa wa misuli au neva unaosambaa unabadilisha mpango wote, na hao wengi hawafaidiki na kushonwa.

Usingizi pia. Anakoroma, anaamka kichwa kinauma, mchana anasinzia kwenye daladala? Bikaboneti ya damu ikiwa juu, hewa chafu inabaki mwilini usiku. Anaweza kuhitaji mashine ya kupumulia usiku iwe atashonwa au hatashonwa.

Moyo upigwe eko (altrasaundi ya moyo). Fupi tu, ila usiruke, kwa sababu kushindwa kulala bapa ni dalili ya moyo kabla haijawa ya diaframu.

## Hatua ya 6: Piga hesabu, na uangalie asilimia isikudanganye

Ripoti za oparesheni hii kwa watu wazima wa upande mmoja zinaonyesha FVC na FEV1 kwa kawaida zinapanda kati ya asilimia 10 na 20 ndani ya miezi ya mwanzo mpaka mwaka, wengine zaidi, wengine hazigusiki. Tatizo ni asilimia ya nini.

Tuchukue mgonjwa wa mfano. Matarajio yake lita 3.80. Amekaa kapuliza 2.40, ambayo ni asilimia 63 ya matarajio. Amelala kapuliza 1.80. Ameshuka mililita 600, asilimia 25.

Ukisema atapanda asilimia 10 hadi 20 ya namba yake mwenyewe, unapata lita 2.64 hadi 2.88. Ukisema atapanda pointi 10 hadi 20 kwenye asilimia ya matarajio, yaani kutoka 63 kwenda 73 hadi 83, unapata lita 2.77 hadi 3.15. Ona hapo juu, 2.88 na 3.15, tofauti ya mililita 270 imetokea kwenye karatasi tu, kwa sababu mmoja kasema asilimia na mwingine kasikia pointi. Hapa ndo wengi wanaanguka, bingwa anasema hivi, anayeandika faili anaandika vile, familia inashika kubwa.

Kwa hiyo andika lita. Mimi naanza na asilimia ya namba yake mwenyewe kwa sababu ndo ya tahadhari zaidi.

Kisha pima makadirio yako kwa akili. Kati ya zile mililita 600 alizopoteza kwa kulala, mtu yeyote angepoteza mpaka asilimia 10, yaani kama 240. Zinabaki 360 hivi ambazo ni za ulegevu. Makadirio yetu yalisema atapata 240 hadi 480, na 360 imeangukia katikati, kwa hiyo yanaelekea kukubaliana. Hii si fomula ya kumwekea bingwa mezani, ni njia ya kujikagua tu. Kama ungekuwa umeandika atapata lita nzima ungejua mapema umekosea mahali.

Mwisho uchague uegemee wapi ndani ya mwanya huo. Kushuka kwa kulala ni kukubwa, mwili mwembamba, mapafu safi, uwiano wa kawaida, paradoksi (upande uliopooza kuruka juu akivuta pumzi) inaonekana wazi kwenye picha: egemea juu. Kushuka ni kudogo, au kuna makovu ya TB, au kilo nyingi: egemea chini, na useme wazi kwamba kupanda kunaweza kusionekane kwenye mashine.

Onyo: mabadiliko ya chini ya mililita 150 usiyaite mafanikio wala kushindwa, mashine na mpulizaji peke yao wanaweza kuyaleta.

Umefanikiwa kama: una mstari mmoja kwenye fomu, kwa mfano "FVC ya kukaa sasa 2.40, tunatarajia 2.6 hadi 2.9 kwa miezi 6, tunaegemea juu kwa sababu ameshuka asilimia 25 akilala na mapafu ni safi".

## Hatua ya 7: Pima pumzi yake mwenyewe, si lita tu

Pumzi ya mgonjwa na namba za mashine haziendi sambamba siku zote. Mara nyingi mtu anasikia nafuu kubwa kuliko mashine inavyoonyesha, maana ile hali ya diaframu kuruka juu kila akivuta imekoma. Usipoandika hali yake ya kabla utaikosa nafuu hiyo.

Andika: anakosa pumzi akifanya nini (kupanda ngazi, kutembea tambarare na wenzake, kuvaa nguo), analalia mito mingapi, akiinama kufunga viatu au kufagia anabanwa, akiingia kwenye maji mpaka kifuani inakuwaje. Mtembeze dakika 6, andika mita na oksijeni ya mwanzo na ya chini kabisa.

Halafu ongea na familia kwa lugha yao. Kitu kama hiki: "Mama, huu upande wa msuli wa kupumulia hautafanya kazi tena, daktari ataukaza usiwe unapanda. Tunategemea baba alale kwa mto mmoja au miwili, na atembee kwenda sokoni Majengo bila kusimama simama. Kwenye mashine tunategemea ipande kiasi hiki mpaka hiki. Lakini yale makovu ya TB yatabaki, kwa hiyo akikimbia atachoka." Kisha mwambie akurudishie kwa maneno yake alivyoelewa. Asiporudisha ile sehemu ya makovu, rudia.

## Hatua ya 8: Pima baada ya oparesheni, kwa masharti yale yale

Usipime kwa papara. Wiki za mwanzo kuna maumivu na sehemu ya pafu bado imesinyaa, FVC inaweza kuwa chini kuliko kabla, na kupuliza kwa nguvu ndani ya wiki 4 za upasuaji wa kifua hakushauriwi mpaka bingwa akubali. Kipindi hicho kazi ni maumivu yatulizwe, mgonjwa avute pumzi ndefu kila saa akiwa macho, akohoe huku amekumbatia mto, na atembee.

Pima mwezi wa 3, wa 6 na wa 12. Mashine ile ile ikiwezekana, chumba kile kile, saa zile zile za siku, kundi lile lile la asili kwenye mipangilio, amekaa na amelala. Ukiweza mwombe mpimaji awe yule yule. Kama kabla alipimwa Dodoma na baada akapimwa Dar, mrudishe apimwe Dodoma ndo ulinganishe.

Angalia zaidi namba ya kulala. Wapo ambao ya kukaa imesogea kidogo lakini kushuka kwa kulala kumepungua kutoka asilimia 25 mpaka 12, na hao ndo utasikia wanakwambia wamerudi kulala na familia chumbani badala ya kwenye kochi. Usimwandikie mtu huyo "hakuna mabadiliko".

## Kama miezi sita imefika na hazijapanda

Fuata mpangilio, usianze na kulaumu.

Kwanza angalia ubora wa mpulizo na mipangilio ya mashine, kabla na baada. Halafu eksirei mpya iwekwe pembeni ya ile ya wiki ya kwanza baada ya oparesheni: diaframu imebaki chini ilipoachwa au imepanda tena? Ikiwa imepanda, ushonaji unaweza kuwa umelegea, arudi kwa bingwa na picha zote mbili mkononi.

Ikiwa iko chini, mpime uzito. Kilo zilizoongezeka kipindi cha kukaa nyumbani zinaweza kumeza faida yote. Kisha maumivu ya kidonda, kwa sababu kuna wanaobaki na maumivu ya neva za mbavu na hawavuti pumzi kamili kwa kuyaogopa, hao wakitibiwa maumivu mashine inapanda.

Yote hayo yakiwa sawa rudi Hatua ya 5 upya: eko, usingizi, uwiano wa FEV1 kwa FVC kabla na baada ya dawa ya kupanua njia za hewa, altrasaundi ya upande wa pili. Upande wa pili hasa, maana ugonjwa wa neva uliokuwa upande mmoja mwaka jana unaweza kuwa umevuka, na huyo anatakiwa aonwe wiki hiyo hiyo, asisubiri kliniki ijayo.